MASWALI YA WASOMAJI: Tenki limejaa maji ya mvua, sasa ninunue filta gani?

Tangu mvua zianze hapa Dodoma meseji zimekuja nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa namna tofauti, yaani mashine gani inafaa kusafisha maji ya mvua ya nyumbani. Nimechagua zile zinazobeba za wengine. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu ukilielewa hilo mengine yote yanakuwa mepesi, kwa hiyo hata kama swali lako halimo humu naomba uanze nalo.

Habari za kazi fundi. Mi niko Nzuguni, tuna simtanki la lita 5000 limejaa maji ya mvua na bomba nalo lipo ila maji ni ya mgao. Juzi alikuja kijana anauza mashine ya RO, akaweka maji yetu ya bomba kwenye glasi moja na maji ya mashine yake kwenye glasi nyingine, akatumbukiza kidude chenye vyuma vinne akawasha umeme, glasi yetu ikatoka matope ya kahawia mpaka watoto wakapiga kelele, ya kwake ikabaki nyeupe pee. Anauza laki saba na nusu na anasema maji ya mvua ndo mabaya kuliko hata ya bomba. Mume wangu anasema tukope kikoba. Tuna watoto wadogo watatu, tukope kweli? — Mama wa watatu, Nzuguni

Dada yangu, msikope. Na nianze na hicho kidude maana kinazunguka sana mitaani na watu wanaogopeshwa nacho. Vile vyuma vyake viwili ni chuma cha kawaida na viwili ni alumini, akiwasha umeme unapita ndani ya maji kutoka upande mmoja kwenda mwingine na chuma kinaanza kuliwa hapo hapo, ile kahawia mliyoiona ni kutu ya chuma chake mwenyewe. Umeme unahitaji chumvichumvi ndani ya maji ndo upite, na maji ya bomba hapa kwetu mengi yanatoka visima vya Makutupora, yana chumvi zake za ardhini, lazima yageuke. Ya mashine yake yameshatolewa chumvi, umeme haupiti, yanabaki meupe. Akirudi mwambie atie chumvi ya jikoni kidogo kwenye glasi yake ile safi alafu awashe tena, itageuka kahawia mbele yenu wote. Kidude hicho hakioni kijidudu hata kimoja. Kile kikalamu cha kupima TDS nacho ni hivyo hivyo, kinahesabu chumvi tu, maji ya mvua yaliyolowana na kinyesi cha kunguru yanaweza kusoma namba ndogo nzuri kabisa na bado yakakulaza hospitali.

RO yenyewe sio mashine mbaya, nisieleweke vibaya. Inasukuma maji kwa presha kwenye utando wenye vitundu vidogo mno na inatoa chumvi, floraidi, naitreti, hata madini ya risasi. Mtu mwenye kisima cha maji ya chumvi aliye mbali na maji mengine inamfaa sana. Lakini maji ya mvua yanashuka kutoka mawinguni hayana chumvi, sasa unamlipa mtu laki saba na nusu akutolee kitu ambacho hakimo. Alafu mashine nyingi za nyumbani za namna hiyo ili upate lita moja safi zinamwaga lita tatu au zaidi. Hapa Dodoma, mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, mtu umekinga maji kwa shida kuanzia Desemba mpaka Aprili alafu uyamwage robo tatu! Mi hilo linaniuma kweli.

Shida ya maji ya mvua iko kwenye paa. Toka Mei mpaka Novemba bati linakaa kavu, vumbi la upepo wetu huu linatua, kunguru na njiwa wanajisaidia, mijusi, panya, popo wanaolala kwenye kenchi, vyote vinasubiri mvua ya kwanza. Ikinyesha vinaingia tenki. Kwa hiyo mnachopigana nacho ni takataka na vijidudu vya tumbo, basi, na hivyo vina dawa zake za bei nafuu kuliko RO.

Sasa hesabu ambayo nawaomba mkae nayo wewe na shemeji mezani. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya paa inakupa lita moja. Dodoma tunapata kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 80, ukitoa yanayorukaruka na kupotea, linakupa lita 35,000 hivi, tenki lenu linajaa zaidi ya mara sita kwa msimu. Likiwa limejaa mwisho wa Aprili, na mkaapa kwamba maji hayo ni ya kunywa na kupikia tu, ndoo moja ya lita 20 kwa siku, linadumu siku 250. Hiyo inawafikisha mpaka mwisho wa Desemba mvua zimesharudi. Kufua, kuoga, kudeki, tumieni ya bomba. Watu wengi wanafanya kinyume, wanafulia maji ya mvua kwa sababu yanatoa povu zuri alafu wanakunywa ya chumvi kiangazi kizima.

Na umeona hapo, kama ni ndoo moja kwa siku basi hamhitaji mashine ya kusafisha nyumba nzima, mnahitaji kitu cha kusafisha ndoo moja kwa siku. Hapo ndo bei inaporomoka.

Hela ya kwanza iende juu. Mwite fundi asafishe gata, aweke wavu mahali maji yanapoingilia, na kabla ya tenki aweke mtego wa maji ya kwanza, yaani bomba au pipa pembeni linalojaa kwanza na uchafu wote, likijaa ndo maji yanayofuata yanakwenda tenki. Kadiria angalau lita moja kwa kila mita ya mraba ya paa, kwa vumbi letu hata mbili. Mafundi wengi wanaweka kibomba cha inchi 4 chenye urefu wa mita moja wanasema wamemaliza, hicho kinabeba lita 8 tu, kwa paa la mita 80 hakijafanya kitu. Chukua pipa la lita 100, toboa tundu dogo chini lidondoshe taratibu ili mvua inayofuata ikute tupu. Na mvua ya kwanza kabisa ya mwaka, ile ya Novemba au Desemba, fungua mabomba iende yote chini, usiionee huruma.

Hela ya pili inunue filta ya mishumaa ya kauri, ile ya ndoo mbili zimepandana, juu unamimina, chini unachota kwa koki. Haitaki umeme. Dukani usiulize "ni nzuri?", uliza vitundu vyake ni mikroni ngapi (mikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu), na hiyo namba ni tundu kubwa kuliko yote au ni wastani tu. Bakteria wa kinyesi ana upana wa nusu mikroni hivi, kwa hiyo filta ya mikroni 0.2 kwa tundu kubwa inamzuia, ya mikroni 5 anapita anaimba. Uliza pia mshumaa wa akiba unapatikana hapa hapa mjini au mpaka uagize Dar, kama hawana mshumaa wa akiba usinunue, maana siku ukipasuka una ndoo mbili za mapambo. Kuna na zile za nyuzi nyembamba zenye vitundu vya mikroni 0.1 ambazo unazisafisha kwa kurudisha maji kinyume kwa sindano yake, nazo nzuri sana, zinakwenda haraka kuliko kauri.

Hela ya tatu ni ndogo, dawa ya klorini. Virusi ni wadogo mno, kauri haiwakamati wote, na kwa watoto wadogo watatu mi nisingeacha hiyo nafasi wazi. Maji yakishachujwa ndo unatia dawa kwenye ndoo ya chini, WaterGuard au nyingine iliyothibitishwa, kipimo fuata pakiti, subiri nusu saa. Usianze na dawa alafu uchuje, na usimwage jiki kwenye tenki la lita 5000 ukadhani umemaliza mwaka, klorini inapotea ndani ya siku chache, na zile jiki zenye harufu ya maua hazifai kabisa kwa maji ya kunywa.

Ukijumlisha pipa, wavu, filta ya kauri na dawa hamtafika hata nusu ya ile laki saba na nusu.

Kaka, nimehamia Iyumbu, nyumba mpya, paa la msauzi kama mita 200 hivi na matenki mawili ya lita 10,000 na pampu. Nataka mfumo kamili wa nyumba nzima, filta za kwenye bomba na taa ya UV, uwezo upo. Nipange vipi? — Mtumishi, Iyumbu

Hongera kwa nyumba. Paa hilo linaweza kukupa zaidi ya lita 80,000 kwa msimu kwa hiyo kwako wazo la nyumba nzima lina maana. Mpangilio baada ya pampu ni huu: kwanza filta ya takataka ya mikroni 20, inafuata ya mikroni 5, inafuata ya mkaa maalum wa kuondoa harufu na ladha, mwisho taa ya UV. Taa lazima iwe ya mwisho na lazima ipate maji maangavu, miale yake inamuua kijidudu inayemgusa tu, maji yakiwa na vumbi vijidudu vinajificha nyuma ya chembe vinapita vizima. Na yule anayekuuzia filta ya mkaa peke yake anakwambia inaua vijidudu, muache. Mkaa hauui kitu, tena ukikaa nao bila kubadilisha bakteria wanafanya makazi humo humo.

Taa yenyewe inadumu saa 9,000 hivi, yaani mwaka mmoja ikiwaka muda wote. Baada ya hapo utaona bado inawaka bluu vizuri tu lakini nguvu ya kuua imeshashuka, kwa hiyo andika tarehe kwa makapeni kwenye ukuta siku unaifunga. Ile glasi inayoifunika itolewe ifutwe mara kwa mara. Na umeme ukikatika pampu ikasimama sawa, lakini kama una tenki la juu maji yatashuka yenyewe bila taa, ndo maana mwambie fundi aweke valvu inayojifunga umeme ukiondoka. Mafundi wengi hawaiweki kwa sababu mteja hajaiulizia.

Mi binafsi ningeweka filta za takataka kwa nyumba nzima na taa kwenye laini ya jikoni tu. Hamna haja ya kuua vijidudu kwenye maji ya kuflashi choo.

Kuhusu bati, jipya lenye rangi ya kiwandani halina neno, acha tu mvua za mwanzo zilioshe mafuta na chenga za kukatia. Ila fundi asizibe matundu kwa lami, na kama kuna msomaji mwenye nyumba ya zamani yenye bati lililopakwa rangi za zamani zinazobanduka, hilo paa usilinywee maji. Rangi za kale nyingi zilikuwa na risasi, na risasi haifi kwa kuchemsha wala kwa taa ya UV.

Habari, mkaa umepanda bei. Maji ya mvua tunachemsha mpaka dakika ishirini, ni lazima? Alafu yanakuwa na harufu ya moshi watoto wanayakataa. — Chang'ombe

Sio lazima mama. Yakianza kutokota sawasawa, yale mapovu makubwa yanayopindua maji, hesabu dakika moja, ipua. Dodoma tuko juu kidogo, mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100 lakini bado yanatosha kabisa kuua vya tumbo vyote, dakika kumi na tisa zinazobaki unachoma mkaa bure. Harufu ya moshi funika sufuria wakati wa kuchemsha, na yakipoa yamimine kutoka chombo hiki kwenda kile mara kadhaa yapate hewa. Vyombo viwe safi, maana maji yaliyochemshwa hayana ulinzi tena, mkono mmoja wa mtoto wenye uchafu umeyarudisha yalikotoka. Ndoo ya mfuniko yenye koki, sio ya kuchota na kikombe.

Kijana wangu, mimi ni mzee niko kijiji cha ndani huku Kongwa, umeme haujatufikia nyumbani na filta za dukani zikiharibika hatuna pa kwenda. Nilisikia kuna filta ya mchanga mtu anajenga mwenyewe. Nieleze vizuri nimwambie mjukuu ambaye ni fundi uashi. Na mvua zikiisha tunachota lambo, je inafaa? — Mzee wa Kongwa

Shikamoo mzee wangu. Swali lako nimelipenda kuliko yote kwa sababu hii ndo filta ambayo ikijengwa vizuri inakaa miaka na miaka. Ilibuniwa na Dk. David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary kule Kanada miaka ya 1990 na inatumika nchi nyingi sasa. Ni boksi la zege lenye kimo cha mita moja hivi, ndani chini kokoto za milimita 6 mpaka 12, juu yake changarawe ndogo, alafu mchanga mwembamba usiozidi milimita 0.7 kama sentimita 55. Bomba linaanzia chini kwenye kokoto linapanda ukutani na kutokea nje juu, mdomo wake uko juu ya usawa wa mchanga kwa sentimita 5. Hizo sentimita 5 mjukuu asizichezee. Ndo zinafanya maji yabaki yamefunika mchanga hata usipomimina kitu, na chini ya maji hayo kwenye uso wa mchanga kunaota utando hai, vijidudu vyema vinavyokula vile vibaya. Maji yakizidi kina utando unakosa hewa, yakipungua unakauka, vyote viwili unakufa.

Mchanga ndo kazi. Huo wa makorongoni una kinyesi cha ng'ombe na mbuzi, kama mnaweza kupata vumbi la kokoto za kusagwa ndo bora. Mkikosa, mchanga wa korongo uchekechwe kwenye jua, uoshwe. Kuujua umeosha vya kutosha, weka kiganja kimoja cha mchanga kwenye chupa angavu ya maji, tikisa, subiri sekunde nne tano, maji ya juu yawe na ukungu kidogo tu. Yakiwa matope osha tena, yakiwa maangavu kabisa umeosha kupita kiasi umepoteza vile vyembamba.

Ikishajazwa, utando unachukua mpaka siku 30 kukomaa. Kila siku mwageni ndoo moja, ipumzike angalau saa moja kabla ya kumwaga nyingine, na isikae zaidi ya siku mbili bila maji mapya. Mwezi huo wa kwanza endeleeni kuchemsha, na hata baadaye malizieni kwa dawa kwenye ndoo ya chini. Msimwage humo maji yaliyotiwa dawa, mtaua utando wenyewe. Ikianza kwenda polepole, korogeni maji ya juu kwa mkono mtoe yale machafu kwa kikombe, msiufukue mchanga.

Maji ya lambo yanafaa ila yapumzisheni kwanza yatue, filta ikipewa tope kila siku inaziba. Mbegu za mlonge zinasaidia, menya ponda, mbegu moja mpaka mbili kwa lita kulingana na tope, koroga haraka kidogo alafu taratibu kwa dakika kumi, acha saa mbili, mimina ya juu. Maji ya mlonge yasilale zaidi ya siku moja, yanaharibika, na mlonge hauui vijidudu vyote kwa hiyo hauchukui nafasi ya filta. Lakini mzee wangu kama mna bati hata la mita 30 hapo nyumbani, kingeni mvua kwanza, lambo libaki la ng'ombe.

Kisima chetu huku Singida kina floraidi, watoto meno yao yana madoa ya kahawia. Tunachanganya maji ya kisima na ya mvua alafu tunachemsha. Inatosha? — Baba wa wawili, Singida

Kaka, kuchemsha kunazidisha. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki yote ndani ya maji machache. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri ni kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, na Singida ni mmoja wa mikoa ambayo visima vyake vingi vinapita hapo.

Msichanganye. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa kwa hiyo nyie mna dawa juu ya paa. Meno ya kudumu yanajengeka ndani ya fizi toka utotoni mpaka kama miaka minane, kwa hiyo kama tenki ni dogo, ya mvua yawe ya watoto wa umri huo kwanza, na uji wao na chai yao, maana wengi wanakumbuka maji ya kunywa wanasahau yale ya kupikia. Sisi wakubwa meno yetu yameshaota, ila mifupa nayo inaumia miaka ikienda, basi mkiweza kingeni ya kila mtu.

Yakikatika kabisa kiangazi, hapo ndo RO ina kazi, au filta ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe ambayo imefanyiwa kazi miaka mingi kituo cha Ngurdoto kule Arumeru. Na kuna filta ya Mtanzania mwenzetu, Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, imechanganya mchanga na chembe za nano na inapangwa kulingana na tatizo la maji ya mahali, ndo iliyompa tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Filta za kawaida za kauri na taa za UV hazigusi floraidi, anayekwambia vingine anataka kuuza.

Nimeambiwa maji ya mvua hayana madini yanadhoofisha mifupa. Kweli? — Msomaji, Manyoni

Madini mwili unayapata kwenye chakula. Unakula mlenda, dagaa, maziwa, ugali wa uwele? Kunywa maji yako ya mvua kwa amani.

Shikamoo. Mi ni mwanafunzi hapa UDOM nimepanga Ng'hong'hona, tunakinga kwenye ndoo, hela ya filta sina na jiko ni la kuazima. — Mwaka wa pili

Marahaba mwanangu. Tafuta chupa angavu za maji za plastiki zisizo na rangi wala mikwaruzo, za lita moja na nusu, zisizidi lita mbili. Chuja maji kwa kitambaa safi, jaza, laza chupa juu ya bati kwenye jua kali toka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Saa sita za jua la Dodoma zinaua vya tumbo vizuri. Mawingu yakiwa yamefunika zaidi ya nusu ya anga acha siku mbili mfululizo, na siku za mvua yenyewe ya kutwa usitegemee jua, hapo tumia kidonge cha klorini, ni hela ndogo kuliko soda. Kabla hujailaza juani jaribu kuisimamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti, usome herufi kwa kuangalia kutoka juu kwenye mdomo mpaka kitakoni, kama huzisomi maji bado yana ukungu mwingi, yaache yatue kwanza.

Mwarobaini umefunika paa letu, maji ya tenki yamekuwa na rangi ya chai na machungu, na juzi tumeona viluwiluwi. Tumwage yote? Na tutajuaje yamekuwa salama? — Mpwapwa

Rangi na uchungu ni majani yaliyolowana kwenye gata, viluwiluwi ni mbu walioingia kwa tundu ambalo halina wavu. Matawi yanayoning'inia juu ya bati yakateni, mti ubaki, kivuli chake mnakihitaji ila ndege wasikae juu ya paa. Wavu wa matundu ya milimita moja au chini uwekwe sehemu zote, maji yanapoingilia, mdomo wa bomba la ziada, na kwenye mfuniko. Msitie mafuta ya taa, kuna watu bado wanafanya hivyo, mnajinywesha sumu.

Kama mvua bado zipo, ndio, mwageni, tenki lisuguliwe na mvua mbili tatu zitalijaza. Lakini mtoto asiingie ndani peke yake kusugua, hewa ya humo ni nzito, mtu mzima asimame nje ameshika kamba. Kama mvua zimeisha msimwage, tumieni hayo kwa kufulia na bustani na ya kunywa mchuje kwa mkaa maalum na kauri alafu mchemshe. Koki ya kuchotea iwe juu ya kitako cha tenki kwa sentimita 10 hivi, tope lilale chini yake.

Kujua yamekuwa salama kwa macho haiwezekani. Maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji ipo Dodoma mjini, nendeni kwanza mchukue chupa yao iliyotakaswa, msitumie ya soda. Chukueni maji mawili, ya tenki na yale yaliyokwisha kupita kwenye filta, yafungwe kwenye boksi lenye barafu yafike siku hiyo hiyo. Yakirudi majibu angalieni mstari wa E. coli, yaani bakteria wa kinyesi, kwa maji ya kunywa iwe sifuri kwa kila mililita 100. Ya tenki yakionyesha namba na ya filta yakaonyesha sifuri, filta inafanya kazi yake. Zote zikionyesha namba, fungueni mshumaa muukague nyufa kwenye mwanga, na pale unapokaa kwenye ndoo muangalie kama mpira wake umebana.